Unga wa Kupimiwa

Mama Tanuri alikuwa na bega moja bovu na kichwa kimoja kigumu, na katika hivyo viwili hospitali ilijua kutibu bega tu.

Bega lenyewe lilikuwa la kulia. Lilianza kuuma kama linavyouma bega la mtu yeyote aliyekanda unga miaka ishirini na mitatu. Akalichua kwa dawa, akalifunga mtandio, akalitukana. Halikusikia. Ilipofika mahali mkono haupandi kuzidi kifua, na kuvaa blauzi kumekuwa ugomvi wa robo saa, akakubali kwenda kuonwa. Mganga wa mifupa akatazama picha, akasema kano imechanika, itashonwa, akampa tarehe. Tarehe ikafika, Mama Tanuri hakwenda. Akapewa ya pili, hakwenda vilevile. Sababu ilikuwa ile ile mara zote mbili: nani atawaokea watoto wa shule?

Hakuwa anatia chumvi. Shule ya bweni ya pale karibu ilichukua kwake mikate midogo ya mviringo mia na ishirini kila asubuhi ya Mungu, na watoto walikuwa wameizoea hivi kwamba ukiwapa mingine wanairusha. Tanuri lilikuwa chumba cha nyuma, na katika chumba hicho walikuwa wawili tu: yeye na moto.

Safari ya tatu yule mganga hakubembeleza. "Mama, ni Alhamisi," alisema. "Ukiikosa hiyo usirudi kwangu. Kano ikizidi kujivuta haishoneki tena, na mkono utabaki hapo ulipo mpaka uende nao kaburini."

Aliyekuwa amekaa naye kwenye kiti cha pili, ameshika faili na mkoba, ni mkaza mwana wake. Huyu alikuwa akiuza dawa katika duka la dawa mtaa wa tatu kutoka nyumbani. Mumewe, mtoto wa kiume wa pekee wa Mama Tanuri, ni fundi umeme, kazi zake ziko nje ya mji, nyumbani anaonekana mwisho wa mwezi. Hivyo kwa miaka miwili wanawake hawa wawili walikuwa wakiishi peke yao, kwa adabu nyingi na maneno machache. Mama mkwe alimwita Bi Gramu. Jina alimpa wiki ya kwanza, alipomkuta anapima mchele wa watu wawili kwenye mizani. Lilikuwa utani, ila ni utani ule wenye mwiba kidogo ndani, na mwenyewe aliupokea huku anacheka kwa meno ya mbele tu.

Walipotoka hospitali, Bi Gramu alipiga moyo konde. "Mama, nitaoka mimi."

Mama Tanuri akasimama katikati ya njia, watu wakawa wanawapita kushoto na kulia. Akamtazama kuanzia viatu.

"Wewe? Umewahi kukanda?"

"Sijawahi. Lakini kama kitu kinapimika, nakiweza."

"Haya," akasema mama mkwe. "Leo Ijumaa. Oka mkate ambao dereva wa shule ataubeba asijue mpishi amebadilika, na mimi Alhamisi nitakwenda kwenye kisu chao. Ukishindwa, tusisumbuane. Bega ni langu."

Mpango ukawa huo.

Jumamosi asubuhi Bi Gramu aliingia chumba cha nyuma na daftari jipya, kalamu mbili na mizani yake ya kilo kumi, ile ya namba zinazowaka. Chumba kilikuwa na meza nzito ya mbao iliyobonyea katikati, beseni kubwa la kukandia, ndoo tatu zenye mifuniko, dirisha la wavu, na tanuri la matofali lenye mlango wa chuma. Juu ya msumari kilining'inia kikombe cha bati cheupe kilichobanduka rangi, kikubwa, cha mpini mnene. Hicho ndicho kilikuwa kipimo. Hapakuwa na kingine.

"Unga vikombe kumi na sita," Mama Tanuri alisema, amekaa kwenye kigoda. "Maji vitano. Sukari kimoja na nusu. Mafuta nusu kikombe. Chumvi vijiko vinne, hamira sita. Basi."

"Ndiyo yote?"

"Ulitaka iwe na nini, dhahabu?"

Sasa Bi Gramu, kwa kazi yake, alijua jambo ambalo wengi wetu tunakosea jikoni kila siku na hatufi kwa sababu tu jikoni kuna huruma. Kikombe si uzito. Kikombe ni nafasi. Maji yakiijaza nafasi ile ni gramu mia tano. Mafuta yakiijaza hayafiki. Sukari ni kama mia nne na kitu, na unga, ambao sehemu kubwa ni hewa, hauna habari hata ya mia nne. Dukani alishaona mama anampa mtoto kijiko cha dawa ya unga kwa kudhani kijiko ni kijiko. Ndiyo maana hakutaka kubeba vikombe kichwani. Alitaka gramu. Gramu ni gramu, uichote kwa furaha au kwa hasira.

"Mama, nipimie unga kikombe kimoja humu," akasema, akaweka bakuli juu ya mizani na kurudisha namba sifuri.

Mama Tanuri akachota kwa mkono wa kushoto, akamimina. Mizani ikasoma mia mbili tisini na nane. Wakarudia: mia tatu na moja. Cha tatu, mia tatu na moja tena. Bi Gramu akaandika mia tatu, akapigia mstari. Akapimiwa na vingine vyote, akaandika, akazidisha. Unga gramu elfu nne mia nane. Maji elfu mbili mia tano.

"Sasa niache peke yangu," alisema. "Alhamisi hutakuwepo, kwa hiyo leo nawe usiwepo."

"Mimi huyo," Mama Tanuri akasema, akaenda kukaa barazani.

Akakanda peke yake. Donge lilikuwa gumu, lakini yeye alijulia wapi donge la mkate linavyotakiwa kuwa? Alidhani ndiyo uzito wa kazi wanaousema. Mikate ilitoka midogo, imepasuka migongo, ina sura ya mtu aliyenyimwa kitu. Mama Tanuri akaupasua mmoja, akaunusa.

"Unga umekunywa maji yote. Ungeongeza maji."

"Kiasi gani?"

"Mpaka ikubali."

"Mpaka ikubali ni gramu ngapi, mama?"

"Mwanangu, ikikubali utajua."

"Mimi sitajua! Mkono wangu haujui kitu." Alikuwa karibu kulia na hakutaka ionekane. "Kama kipimo ni sawa, kwa nini niongeze? Na kama si sawa, kitu gani kingine si sawa?"

Mama Tanuri akairudisha ile nusu ya mkate kwenye sinia. "Basi tupime tena kesho," akasema kwa upole.

Jumapili wakapima tena. Safari hii Bi Gramu hakuangalia mizani tu, aliuangalia na mkono. Unga ukasoma mia tatu kumi na mbili. Akauliza kama kile ndicho kikombe cha siku zote. Ndicho. Akauliza kama ni kumi na sita kweli. Ni kumi na sita kweli. Akaoka. Mikate ya Jumapili ilikuwa mibaya kuliko ya Jumamosi. Ya Jumamosi angalau ilitafunika. Na jioni ile ile, wakati yeye yuko zamu yake dukani, Mama Tanuri kwa bega lake bovu alikanda donge la shule, akaliacha lilale mpaka alfajiri, akaoka mikate mia na ishirini laini kama mashavu ya mtoto. Bi Gramu aliikuta asubuhi inapakiwa. Aliubonyeza mmoja kwa kidole, ukarudi taratibu kwenye umbo lake, naye akahisi wivu kabisa.

Kwa vikombe vile vile! Unga ule ule, ndoo ile ile.

Wifi yake alipita saa nne. Huyu ni msusi, saluni yake iko kona ya barabara, na alikuja kufuata maji ya moto na habari. Akaikuta mikate ya Jumapili kwenye sinia, akaugonga mmoja mezani. Ulilia ko.

"Wifi, huu ni wa kula au wa kujengea?"

"Cheka tu. Nimefuata kila kitu alichoniambia mama yako."

"Alichokuambia." Wifi akavuta kiti. "Sikiliza. Mimi binti yake wa kumzaa sijui kuoka ule mkate. Utafundishwa wewe uliyekuja na begi? Mama hana baya, lakini kitu chake hakitoi chote. Halafu anaogopa kisu yule, hasemi tu. Wewe ukishindwa, yeye hendi. Mwenye macho haambiwi tazama."

Akachukua maji yake ya moto akaenda zake. Maneno yakabaki.

Nimesema Bi Gramu alikuwa mtu wa kupima, na mtu wa kupima akishaingiwa na shaka huipima nayo. Aliketi na daftari, akaona namba zinakwenda sawa na maneno ya wifi. Jumamosi mia tatu, Jumapili mia tatu kumi na mbili. Mtu aliyekanda miaka ishirini na mitatu mkono wake hauyumbi hivyo. Anayumbisha. Ama vikombe si kumi na sita, ama kuna kitu kinaingia beseni jioni ambacho asubuhi hakitajwi. Na sababu anayo: hofu. Hata dukani wazee huwa hivyo, wanakubali kila unalosema kisha dawa wanaitia chini ya godoro.

Jumatatu hiyo hiyo, saa tano asubuhi, wakapima mara ya tatu. Bi Gramu alisimama karibu kabisa, macho hayabanduki kwenye ule mkono wa kushoto tangu unaingia ndooni mpaka unatoka. Mizani ikasoma mia tatu ishirini na tano. Akaandika, kalamu ikatoboa karatasi. Mikate ya Jumatatu hata kuku wa jirani waliizunguka wakafikiri kwanza.

"Labda tumwambie mganga mwezi ujao," Mama Tanuri alisema jioni hiyo, anakandakanda bega.

"Hakuna mwezi ujao, mama. Ulimsikia."

"Nilimsikia."

Bi Gramu akajua: hapo ndipo mambo yalipokuwa yakipelekwa tangu mwanzo.

Jumanne akamwomba mwenzake wa dukani wabadilishane zamu. Alisingizia jino. Saa kumi alasiri alikuwa amesharudi mtaani kwao, na ninaona haya kwa niaba yake kusema alichofanya, lakini alikifanya. Alivua viatu barazani, akapita ukumbi kwa vidole vya miguu, akajibanza nyuma ya mlango wa chumba cha nyuma uliokuwa wazi kiasi cha kiganja. Mtu mzima, mke wa mtu, mwenye cheti ukutani.

Mama Tanuri alikuwa peke yake. Beseni mezani, ndoo ya unga miguuni. Alikuwa akiongea na bega lake: "Vumilia basi, vumilia, wewe nawe." Akainama, akachota. Akahesabu moja.

Bi Gramu akahesabu naye kimoyomoyo. Mbili, tatu, nne. Alisubiri kikombe cha pembeni, mfuko wa siri, chupa, chochote. Kumi na tano, kumi na sita. Basi. Mama mkwe akafunga ndoo. Akamimina maji, vikombe vitano. Sukari kimoja na nusu. Mafuta, chumvi, hamira. Kila kitu kama alivyosema Jumamosi, neno kwa neno. Hapakuwa na la kuongeza wala la kupunguza.

Alikuwa ameanza kurudi nyuma, uso unawaka, ndipo mkono ule ukamrudia akilini na akaelewa alichokiona. Kila kikombe, kabla hakijafika beseni, Mama Tanuri alikuwa amekipitisha kwenye ukingo wa ndani wa ndoo, swaa, mara moja, na unga wote uliokuwa juu ukaangukia chini. Kikombe kilikwenda beseni kikiwa tambarare kama meza. Asubuhi tatu mfululizo mkono huo huo ulikuwa umetoka ndooni na kikombe chenye kilima juu.

Akasukuma mlango. "Mama."

Mama Tanuri akashtuka, akajishika bega. "Yesu na malaika! Hukuenda kazini?"

"Mama, mbona unakata?"

"Nakata nini?"

"Unga. Unakata juu. Ukinipimia mimi hukati."

Mama Tanuri akatazama kikombe kama anakiona leo. Akatazama ndoo.

"Si nilikuwa nakupimia wewe," akasema.

"Ndiyo. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Mtu akikuambia nipimie, unampimia. Kabla ya tanuri hili mimi nimeuza unga sokoni miaka kumi na moja, mwanangu, kwa kikombe hiki hiki. Wa kwangu nakata. Wa mtu sikati. Nampa kilima chake na nyongeza juu. Nitampimiaje mtu kikombe cha kukatwa? Halafu huyo mtu ni mke wa mwanangu? Ungenionaje?"

"Lakini mama, ulijua ni wa kipimo!"

"Nilijua. Nikasema mizani ndiyo itatoa ziada. Si ndiyo kazi yake?"

Bi Gramu akaketi kwenye kigoda. Siku tatu alikuwa akiamini anapunjwa, na siku tatu alikuwa akizidishiwa. Na maji, maskini, hayana nyongeza. Kikombe cha maji kikijaa kimejaa, ukizidisha yanamwagika. Ndiyo maana kila mara unga ulikuwa mwingi na maji yale yale.

"Basi nipimie sasa kama unavyojipimia wewe," akasema.

Mama Tanuri akajaribu. Akachota, akafika ukingo wa ndoo, akakata. Kisha mkono, wenyewe bila kutumwa, ukarudi ukachota kidogo kwa vidole ukaweka juu. Mia mbili na tisini. Akajilaumu, akajaribu tena. Mia tatu na tano. Mara ya tatu akakitupa kikombe ndooni.

"Mkono haunisikii! Nikikuona umesimama hapo na bakuli, unakuona mteja."

"Basi nisisimame."

Hilo ndilo Bi Gramu alilojua kulifanya. Dukani, dawa isiyopimika ikitoka hupimwa chupa kabla na baada. Jumatano asubuhi akajaza unga kwenye ndoo mpaka mizani, bila kuhesabu uzito wa ndoo, ikasoma gramu elfu sita kamili. "Oka donge zima," akasema, "la kwako, la wateja wa mtaani, kama siku zote. Mimi sipo." Akatoka, akafunga mlango, akaenda kusimama uani karibu na bomba.

Hakuwa amefikiri habari ya bega. Ilimjia alipokuwa amesimama pale. Donge zima maana yake ni kuinama mara kumi na sita, na kukanda, kwa ule mkono, kwa mara ya pili ndani ya siku moja maana la shule alilikanda jana yake jioni. Alisikia kikombe kikigonga ndoo. Alisikia hesabu. Kwenye kumi hesabu ikakatika, kukawa kimya, kisha sauti ikaguna kama mtu anayebeba kabati. Bi Gramu akashika kitasa. Akiingia, kikombe cha kumi na moja kitakuwa na kilima. Akaachia kitasa, akauma kidole chake mwenyewe, akangoja. Kumi na moja, ikasema sauti. Kumi na mbili.

Alipoitwa, Mama Tanuri alikuwa kijivu usoni. Ndoo ikapandishwa kwenye mizani. Zimebaki elfu moja mia nane sabini na mbili. Bi Gramu akatoa, akagawa kwa kumi na sita, akarudia kugawa kwa sababu hakuamini ilivyokaa sawasawa.

"Mia mbili hamsini na nane, mama. Kikombe chako ni mia mbili hamsini na nane. Jumatatu kwenye donge moja ulinizidishia zaidi ya kilo."

"Kilo!" Mama Tanuri akashika mdomo. "Sokoni ningefilisika."

Jioni ile Bi Gramu akapima mwenyewe donge la shule: unga elfu nne mia moja ishirini na nane, maji elfu mbili mia tano, na vingine navyo wakavirekebisha kwa njia ile ile ya kabla na baada. Donge likaja mikononi laini, likamshika kidogo na kumwachia. Hakuhitaji kuambiwa. Alfajiri ya Alhamisi mikate ikatoka. Mama Tanuri akaubonyeza mmoja, akaupasua, akautafuna polepole huku anatazama ukuta, na Bi Gramu akasimama mbele yake mikono nyuma kama mwanafunzi.

Dereva wa shule alikuja saa kumi na mbili na nusu. Akahesabu trei, akachukua mmoja kama kawaida yake, akaula wote kwa matonge mawili huku analalamika kuhusu tairi. Akawasha gari akaondoka. Hakusema neno lolote kuhusu mkate.

"Haya," Mama Tanuri akasema, akaanza kufungua aproni kwa mkono mmoja. "Chukua faili."

Saa nne walikuwa wamekaa kwenye benchi refu la ukumbi wa hospitali, mkoba katikati yao. Karatasi zilikuwa zimeshatiwa saini. Ilibaki kuitwa. Mama Tanuri alikuwa amevaa gauni la kufungwa nyuma, na bila ya mtandio wake alionekana mdogo. Miguu yake ilikuwa ikitikisika. Alikuwa anaogopa kisu kweli; katika hilo wifi hakukosea.

Bi Gramu hakuweza kumwacha aingie hivyo.

"Mama, kuna jambo linanikaba."

"Liteme."

"Nilikushuku. Nilidhani unanificha kipimo ili usije hapa. Na Jumanne sikuwa nimerudi hivihivi. Nilikuja kukuvizia. Nilisimama nyuma ya mlango nimevua viatu." Akausogeza mkoba uliokuwa katikati yao. "Nisamehe."

Mama Tanuri hakugeuka. Aliendelea kuutazama mlango wenye taa nyekundu juu.

"Nilijua," akasema.

"Ya mlango?"

"Ya mlango sikujua. Ya kunishuku nilijua tangu Jumapili. Mtu akiacha kuangalia unga akaanza kuangalia mkono wako, anadhani unampunja. Miaka kumi na moja sokoni, nalijua jicho hilo. Na dawa yake ni moja. Hubishani naye, huli yamini. Unamwongezea. Basi Jumapili nikakuongezea. Jumatatu nikaona jicho limekuwa baya zaidi, nikaongeza tena, nikaukandamiza na kidole gumba uingie mwingi. Nikasema, sasa ataridhika."

Mia tatu, mia tatu kumi na mbili, mia tatu ishirini na tano. Bi Gramu aliziona zilivyokaa kwenye daftari, moja chini ya nyingine, na ile ya mwisho imetoboa karatasi. Alikuwa ameshajua kwa nini unga ulizidi. Kwa nini ulikuwa unapanda kila siku, hilo hakuwahi kulipatia jibu.

"Mama, kwa nini hukusema tu?"

"Ningesema nini? Mke wa mwanangu, usinishuku? Maneno kama hayo yanakaa ndani ya nyumba miaka. Unga unaliwa unaisha." Akamgusa goti kwa mkono wa kushoto. "Lakini afadhali umelitema. Ungeninunia wiki moja zaidi, watoto wa watu wangeng'oka meno."

Bi Gramu akacheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio, katikati ya ukumbi, mbele ya watu na mafaili yao. Mlango ukafunguka, nesi akatoka anasukuma kiti cha magurudumu, akaita jina. Mama Tanuri akakitazama kile kiti, akasema tatizo ni bega si miguu, akainuka mwenyewe, akatembea.